Chupa Isiyotiwa Kitu

Wifi yangu aliingia saluni ameikumbatia chupa yangu ya chai kama mtoto mwenye homa, akapita katikati ya wateja bila hata hamjambo. Mteja niliyekuwa namsuka akaniuliza kama mawifi zangu wote wana adabu hiyo. Nikamwambia huyo haringi, huyo amebeba tumbo la mbuzi. Saluni nzima ikageuka.

Ikanibidi nieleze. Mume wangu anachinja mbuzi machinjioni, na huyu ni dada yake wa tumbo moja, anafanya kazi maabara ya kiwanda cha chakula cha mifugo. Asubuhi kaka mtu akishapasua mbuzi, dada anasubiri mlangoni na chupa iliyosuuzwa kwa maji moto. Anakamua maji ya tumboni, anaijaza chupa hadi mdomoni, pasibaki hata nafasi ya pumzi, anafunga. Vijidudu vinavyoishi mle havijawahi kuonana na hewa tangu viumbwe, na vikionana nayo vinakufa. Baridi nayo havitaki. Kwa hiyo vinasafiri kwenye chupa ya chai, kama wageni wa heshima. Siku hiyo alikuwa amepitia nyumbani kuchukua kitambulisho alichosahau, na hakutaka viumbe vyake vipoe.

Mimi tangu aanze kazi hiyo chai yangu nimehamishia chupa nyingine, na naificha uvunguni.

Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba. Nyuma tunaishi sisi, watoto, yeye wifi, na yeyote aliyepita akakuta sufuria jikoni. Nyumba ikiwa na watu wachache mimi hujisikia kama ninaumwa. Wateja walishamzoea wifi kwa yale mavazi yake meupe na harufu yake ya zizi, wakampa jina la Bi Chupa. Hakulikataa. Alikuwa mtu wa kukubali utani kuliko wa kuvumilia makosa, na hilo la pili ndilo lililokuja kutuletea kizaazaa.

Jioni hiyo alipotoka kazini wateja walimkalisha chini awaeleze anachokipika huko. Akawaeleza, na alieleza vizuri kwa sababu alikuwa amenieleza mimi kwanza, na mimi nikishaelewa jambo mtaa mzima umeelewa. Kuna mmea wa kutambaa unaitwa hopsi. Ua lake ndilo linaloipa bia uchungu na kuizuia isiharibike. Ndani ya ua mna utomvu wa manjano, unanata vidoleni mpaka unachukia, na kwenye utomvu huo kuna vitu vinavyoua baadhi ya bakteria. Sasa mbuzi wa maziwa akilishwa nafaka nyingi, tumboni mwake kuna bakteria wanaofanya sherehe. Wanazaana, wanatoa ukali, ukali unamuunguza mbuzi ndani kwa ndani. Analala, hataki kula, kwato zinamuuma, na wengine hawaamki tena. Zamani viwanda vilikuwa vinachanganya antibayotiki kwenye chakula, mambo yakaenda. Siku hizi wanunuzi wa maziwa wameanza kuikataa dawa hiyo. Kiwanda cha kina wifi kikasema basi, tutatia hopsi.

Muuza mitumba, ambaye nywele zake huwa nazisuka huku yeye akisuka maisha ya watu, akauliza kama ni hivyo basi mume wake, kwa bia anazokunywa, ndiye mwenye utumbo safi kuliko wote mtaani. Wifi akamjibu kwamba hopsi iliyomo kwenye bia ni kidogo, vijidudu vya shemeji viko salama salimini, kinachokufa pale ni ini. Tulicheka mpaka mashine ya kukaushia haikusikika.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa wa kucheka sana siku hizo. Alikuwa kibarua pale kiwandani, leo yupo kesho hajui. Mkuu wa maabara alishamwahidi kwamba hopsi ikifaulu, na wafugaji wakikubali chakula kipya, atapewa ajira ya kudumu. Nimtendee haki Mkuu: ndiye aliyempokea binti huyu wakati kila mlango ulikuwa umemfungia. Alikuwa mtu wa shati lililonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi, wa kwenda naye harusini. Kasoro yake moja ni kwamba alikuwa akipenda kusikia makofi kabla wimbo haujaisha.

Na hopsi ikafaulu. Wifi alirudi siku moja anacheka peke yake barabarani. Vijidudu vile vya ukali alikuwa amevitenga na kuvikuza ndani ya vichupa vya kioo vyenye vizibo vya mpira. Ukitaka kujua kama vinaishi unachoma sindano kwenye kizibo. Vikiwa hai vimetoa gesi, na gesi inalisukuma bomba la sindano linapanda lenyewe bila mtu kuligusa. Vikiwa vimekufa, bomba linakaa pale pale. Basi vichupa visivyotiwa hopsi bomba lilipanda kama limeitwa. Vilivyotiwa hopsi, kimya. Vyote kabisa kimya. Mkuu alimpa mkono mbele ya watu, akatangaza kwamba Alhamisi wafugaji wataletwa wajionee.

Mimi nikaona hapana, jambo kama hili haliwezi kupita bila watu. Jumapili mchana nikaita wateja, majirani, wenzake mume wangu wa machinjioni, na mama mkwe wangu akaja kutoka kwake na kilemba kipya. Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafuga mbuzi. Alikuwa tayari ameshawaambia wenzake kwamba chakula kipya kinatengenezwa na binti yake, kwa hiyo wakae mkao wa kula. Alipokuwa akilisema hilo alikuwa akitazama watu kama wamesikia. Wasiposikia analirudia.

Walipokwisha kula wakataka Bi Chupa awaonyeshe anavyofanya. Akachukua chupa mbili za shampuu kwenye rafu yangu, akazisimamisha juu ya meza ya vioo, akajifanya mwalimu. Hii, akasema, ni ya hopsi. Utomvu unanata haupiti kwenye sindano, kwa hiyo naifungua, natia, naziba haraka. Akaifungua kweli, akatia hewa kwa kidole kana kwamba ni utomvu, akaziba, watu wakapiga makofi. Na hii nyingine ni ya kulinganishia, haitiwi kitu, kwa hiyo naiacha ilivyo.

Akaitazama ile ya kwanza, kisha akairudia ile ya pili.

Mkono ulikuwa bado juu ya kifuniko cha ile ya pili. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakasubiri. Muuza mitumba akasema haya mwalimu, endelea, darasa linalala. Wifi akacheka kicheko cha kuazima, akasema basi ndiyo hivyo, akazirudisha chupa kwenye rafu na kwenda uani. Nikamfuata na sahani chafu mkononi ili nionekane nina shughuli.

Nilimkuta amesimama mbele ya kamba ya nguo. Akanishika mkono wenye sahani. Wiki ile, akaniambia, mtungi wa gesi ya maabara ulikuwa umeisha. Kwa kawaida chupa ikifunguliwa, gesi hupulizwa mdomoni mwake muda wote ili hewa isiingie. Mkuu akasema usisubiri mtungi, fungua, tia, ziba, fanya fasta. Akafanya fasta. Za hopsi zilifunguliwa zote. Za kulinganishia hakuna hata moja iliyofunguliwa, kwa kuwa hazikuwa na cha kutiwa.

Nikamwambia sijaona tatizo.

"Hewa, wifi," akasema. "Nimeviua kwa hewa, nikasifia ua."

Akaniambia zaidi. Kwenye vichupa kuna rangi inayotiwa makusudi, inageuka waridi hewa ikiingia. Alikuwa ameona za hopsi zina wekundu wa machungwa, akadhani ndivyo hopsi ilivyo. Waridi ilikuwa imejificha ndani ya manjano ya utomvu, na yeye alikuwa akiitazama kila siku.

Akaniapisha nisimwambie mtu mpaka aongee na Mkuu. Na nyumba ilivyokuwa imejaa watu siku hiyo. Mimi siri kwangu hukaa kama maji kwenye chekeche, lakini nilirudi ndani nikajaza mdomo nyama nikatafuna mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Mume wangu alidhani ninaumwa.

Jumatatu wifi akamwendea Mkuu. Mkuu hakukasirika, na hilo lilimuudhi kuliko kama angekasirika. Alimwambia kila mtu anajua hopsi inaua bakteria, watengeneza bia wanajua tangu enzi za babu zao, kwa hiyo wanachowaonyesha wafugaji ni kweli hata kama vichupa vyenyewe vina kasoro. Wafugaji waje, wakubali, kisha jaribio litarudiwa kwa nafasi. Wifi akamjibu kwamba kama ni kweli leo, itakuwa kweli na wiki ijayo. Mkuu akasema wiki ijayo wafugaji hawapo.

Wifi akatoka pale akafanya alichokuwa hajaruhusiwa. Akachukua kichupa chenye vijidudu hai, akakifungua, akahesabu pumzi kama zile alizotumia kutia hopsi, akakiziba. Hakutia kitu. Akakirudisha kwenye kabati la joto. Kilipokomaa akachoma sindano, na bomba likakaa pale pale. Akakipeleka kwa Mkuu mezani. Mkuu akakitazama kile kioo cha waridi kwa muda, kisha akamwambia akiweke kabatini, Alhamisi kisionekane.

Jumatano jioni tukakaa kikao jikoni, wifi, mimi na mume wangu. Mume wangu alikuwa wazi kama kisu chake. Alisema mtu akikupa kazi humsahihishi mbele ya wageni. Unanyamaza, unaajiriwa, ukishaajiriwa unarekebisha polepole kutoka ndani. Akamkumbusha alivyozunguka na vyeti vyake kabla ya Mkuu kumpokea. Nami, nisijifanye, nilikuwa upande wa mume wangu. Nilimwambia akishakuwa na ajira ndipo maneno yake yatakuwa na uzito. Nikamwambia hata Mama ataumbuka, maana ndiye aliyewaita wenzake.

Wifi alitusikiliza wote huku akimenya kitunguu kilichokwisha kumenywa. Akamwuliza kaka yake kama anajua mbuzi anavyokufa kwa ukali wa tumbo. Kaka akasema anajua, huwa wanaletwa machinjioni wakiwa wameshalala. Akamwuliza tena kama ile nyama huwa anaileta nyumbani. Mume wangu akainuka akaenda kufunga mlango wa uani. Mama hakuambiwa, kwa kuwa wifi alisema atakachokisema atawaambia wafugaji wote pamoja, na mamaye yumo humo humo kama wenzake.

Alhamisi nikamsindikiza mama mkwe, ambaye nilikuwa nimemsuka asubuhi hiyo na shingo haikugeuka kwa mbwembwe. Maabara yenyewe ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, mitungi ya gesi imefungwa minyororo ukutani kama wahalifu, na kabati la joto linalonguruma kwenye kona. Wafugaji walijipanga na viatu vyao vya zizini walivyovisugua mpaka vikang'aa. Mkuu aliwakaribisha vizuri, akatania, akauliza habari za malisho. Akachoma sindano kwenye kichupa cha kulinganishia, bomba likapanda taratibu lenyewe, na wazee wazima wakasema eeh kama watoto mbele ya mwanasesere. Akachoma ya hopsi. Bomba likatulia. Makofi. Mama mkwe alinibonyeza ubavuni kwa kiwiko.

Kisha Mkuu akamwita wifi aseme machache kuhusu usafi wa kazi. Wifi akasogea mezani, akatia mkono kwenye mfuko wa koti jeupe, akatoa kichupa cha waridi. Niliona uso wa Mkuu ukijikunja na kujikunjua haraka sana.

"Hiki sikukitia hopsi," wifi akasema. "Sikukitia kitu. Nilikifungua nikakiziba, kama nilivyovifanya vile."

Akachoma sindano. Watu wakasogea. Bomba halikutingishika. Akawaeleza kwa maneno ambayo hata mimi ningeyatumia saluni: vijidudu hivi hewa inaviua, vya hopsi vilifunguliwa, vingine havikufunguliwa, na rangi hii ya waridi ni hewa. Kwa hiyo walichokipigia makofi hakijulikani ni ua ama ni upepo.

Mkuu akacheka kidogo, akawaambia wageni kwamba mwenzake huyu ni mkali sana wa kazi, hili ni suala dogo la kiufundi, watalimaliza ndani kwa ndani.

"Dogo kwako," wifi akasema. "Wewe huna mbuzi."

Mama mkwe akasimama. Hakumwita mwanangu. Alimwita binti, kama mtu aliyekutana naye dukani.

"Binti. Kwa hiyo ua haliui?"

"Sijui, Mama. Linaweza kuwa linaua. Mimi bado sijaliona likiua."

"Jumapili ulituambia linaua."

"Jumapili nilikosea. Leo ndiyo nawaambia msiwanyime mbuzi dawa kwa ajili ya vichupa hivi."

Mama mkwe alikaa. Wafugaji wakaanza kunong'onezana, mmoja akauliza kwa sauti kama basi lililowaleta linawarudisha saa ngapi, na Mkuu akasema chai ipo tayari chumba cha pili. Hakuna aliyekwenda kwenye chai. Tulipofika nyumbani mama mkwe alivua kilemba, akakikunja kunjo kwa kunjo, akasema hajawahi kudhalilika vile mbele ya watu, na aliyemdhalilisha amemzaa mwenyewe. Akaenda kulala mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

Siku iliyofuata mlinzi wa geti alichukua kitambulisho cha wifi, akamwambia maagizo ni apumzike nyumbani mpaka aitwe. Akakaa saluni. Nilijaribu kumpa kazi ya kuosha watu vichwa, akawa anawauliza kama maji yamefika kiwango gani cha joto, nikamtoa. Mtaa nao haukulala. Walisema amenunuliwa na kiwanda kingine. Walisema Mkuu alimwahidi ndoa akageuka. Mmoja akasema amerogwa na vijidudu. Mimi ambaye umbeya ndio chumvi yangu, kwa mara ya kwanza nilijikuta nasimama mlangoni na kitana mkononi nikiwaambia watu wafunge midomo. Walinishangaa. Hata mimi nilijishangaa. Sikumwambia wifi kwamba nilikuwa nimebadilika, nilimwambia tu kwamba kama ni kula, tutakula alichonacho kaka yake, na asirudi pale kwa magoti.

Mkuu alikuja mwenyewe, siku ambayo saluni ilikuwa imefurika. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, cha chini ya mashine ya kukaushia, na yeye akakaa pale na shati lake lililonyooka, lile kofia la plastiki likining'inia juu ya kichwa chake. Wifi alikuwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Nikauliza kama wanataka chumba cha ndani. Wifi akasema hapana, endelea kusuka.

Mkuu akaongea taratibu. Alisema kiwanda kinamthamini. Alisema wafugaji wamegoma, kila akiwaita wanauliza yule binti amesemaje. Kuna njia rahisi. Arudi, apewe ajira ya kudumu, na kitu kimoja tu afanye: awaambie wafugaji kwamba kile kichupa cha waridi alikiharibu yeye kwa bahati mbaya, mkono uliteleza. Hakuna atakayemcheka. Kila mtu huteleza.

"Ni uongo mdogo," akamalizia. "Nani atakufa?"

"Mbuzi," wifi akasema.

Wateja wakaangua kicheko, na muuza mitumba akapiga mapaja. Mkuu mwenyewe alitaka kutabasamu, akajizuia. Wifi hakucheka. Nilimsikia shingo imekaza chini ya vidole vyangu.

"Mkono wangu haukuteleza," akasema. "Nilikifungua makusudi. Kama unataka nirudi, nitarudi kurudia kazi yote. Mtungi uwe umejaa. Vichupa vyote vifunguliwe, vyenye hopsi na visivyo nayo. Utomvu tutauyeyusha kwenye spiriti ili upite kwenye sindano, na spiriti hiyo hiyo nitaitia kwenye visivyo na hopsi, usije ukaniambia kesho kwamba ni spiriti iliyoua. Kitakachotoka ndicho nitakachowaambia. Hata kikiwa kibaya kwako. Hata kikiwa kibaya kwangu."

Mkuu akasema masharti hayo huwa anayatoa yeye. Wifi akasema basi ayatoe, yeye atayasikia kama mapya.

Hapo pazia la ndani likafunguka, akatoka mama mkwe. Alikuwa amekuja tangu asubuhi, na tangu ile Alhamisi hakuwa amezungumza na binti yake ila kwa kupitia kwangu, mwambie apishe, mwambie chakula kiko tayari. Akasimama mbele ya kiti cha Mkuu, akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akamwambia kikundi kimekaa. Chakula kile hakiingii kwenye zizi la mtu mpaka kipimwe upya, na wafugaji wanataka mpimaji awe yule aliyewaambia kwamba amekosea, maana wengine wote bado hawajawahi kuwaambia hivyo.

"Na usidhani nampendelea," akaongeza. "Mimi huyu bado nina hasira naye."

Mkuu aliondoka na alama ya jasho mgongoni. Baada ya muda si mrefu mtungi mpya ulishushwa pale kiwandani, na mlinzi akatumwa amrudishie wifi kitambulisho chake nyumbani. Ajira haikutajwa. Alirudi kibarua vile vile alivyotoka.

Akafungua vichupa vyote. Gesi ikipuliza, vyenye hopsi na visivyo nayo, mkono ule ule, pumzi zile zile, na hakuna hata kimoja kilichogeuka waridi. Mkuu alisimama nyuma yake siku nzima ya kupima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani akaruhusiwa kuchungulia. Visivyo na hopsi bomba lilipanda. Vilivyotiwa hopsi kwa kipimo ambacho kiwanda kilipanga kuuza, bomba nalo likapanda, pungufu kidogo tu. Vilivyotiwa hopsi nyingi zaidi, likatulia, na safari hii halikuwa kazi ya upepo. Ua linaua. Linaua likitiwa la kutosha, na la kutosha ni zaidi sana ya lile lililopangwa.

Mkuu akaruka kwa furaha, akasema basi waambiwe wafugaji kwamba linaua, si uongo tena. Wifi akamwuliza watakaouziwa watauziwa kipimo kipi. Mkuu akasema hayo ni mambo ya kiwanda.

Kwa hiyo wifi hakusubiri waletwe maabara. Jumamosi asubuhi alikwenda yeye zizini kwa mamaye, wafugaji wamekusanyika, nami nilikuwepo maana nilikuwa nimefunga saluni makusudi. Alibeba ndoo ya chakula chenye hopsi ile nyingi. Mkuu alifuata na gari la kiwanda, akashuka na viatu vya ofisini kwenye samadi, akasimama kando yake. Sijui alikuja kumzuia au kumsikiliza. Labda naye hakujua.

Wifi akawaambia yote, mazuri na mabaya, kwa utaratibu ule ule. Ua linaua vijidudu vya ukali, ndani ya vichupa. Kwenye tumbo la mbuzi hai bado hajajaribu. Kwa kipimo ambacho kiwanda kilitaka kuwauzia, halifanyi kazi ya kutosha. Kwa kipimo kinachofanya kazi, chakula ni kichungu, na hajui kama mbuzi atakila. Akaweka ndoo chini. Mbuzi mkubwa wa mama mkwe akasogea, akanusa, akatia ulimi, akapiga chafya, akamgeuzia matako mwenyekiti wa kikundi mbele ya kikundi kizima. Wafugaji walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya zizi.

Mkuu hakucheka. Akamsogelea wifi, akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio yangu hayana mlango, kama kuna siku moja tu atasema kitu cha kumfurahisha mtu.

"Siku nikikiona," wifi akasema.

Mkuu akatazama viatu vyake. Akamwambia kwamba kwa namna hii ajira ya kudumu asahau, wakubwa hawataelewa. Wifi akasema anajua. Akamwuliza kama Jumatatu aje kazini au asije, maana kuna kipimo cha katikati hajakijaribu, na kuna njia ya kuufunika uchungu usisikike mdomoni, na mtungi ule una gesi bado. Mkuu akakwangua samadi kiatuni kwa kijiti, mbuzi wakila majani yao ya kawaida.

"Njoo," akasema mwishowe. "Lakini unyamaze."

"Nitakuja," wifi akasema.

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama pale na mikono kiunoni, akamtupia binti yake kitambaa afute mikono. Akamwambia, yeye mwenyewe bila kupitia kwangu, kwamba koti lake lina samadi mgongoni na aje alivue lifuliwe, hawezi kwenda kazini Jumatatu kubishana na watu akiwa mchafu.